Kabla ya Panga Kuna Maneno: Mwongozo wa Kumlinda Mzee Anayefanyiwa Ukatili Mkoani Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jirani, mjukuu, mwalimu, mjumbe wa serikali ya kijiji au muumini mwenzake mzee, ambaye ameona jambo lisilo la kawaida nyumbani kwa mzee na hajui aanzie wapi. Nimeuandika nikiwa na vijiji vya Tabora akilini, kuanzia Igunga na Nzega kwenye ng'ombe na pamba hadi Urambo, Kaliua na Sikonge kwenye tumbaku na asali, kwa kuwa mengi ya yanayowapata wazee wetu yanatokana na namna tunavyoishi, tunavyolima na tunavyozika huku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita wa umri huo hufanyiwa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja katika jamii anamoishi, na kwamba mengi ya matukio hayo hayaripotiwi popote. Kwetu ukatili huo una sura yake ya pekee, kwa sababu katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Redio hutangaza siku panga lilipotumika. Lakini panga huja mwisho; kabla yake huwa yamepita maneno ya msibani, ya kisimani na ya kilabuni, kwa wiki au miezi, na kila mtu kijijini huwa ameyasikia. Hatua zote zilizomo humu ni za kuchukuliwa katika siku hizo za maneno.

Hatua ya kwanza: tambua unachokiona

Usisubiri jeraha. Ukatili dhidi ya mzee unaweza kuwa kipigo, lakini pia ni matusi na vitisho, kuporwa fedha na mali, kunyimwa chakula na matibabu, kutelekezwa, kutengwa na kijiji, na hata ukatili wa kingono, ambao wazee wa kike huuficha kwa aibu hadi wanaingia nao kaburini. Mara nyingi aina hizi hufuatana. Mzee huanza kwa kunyang'anywa simu, kisha malipo yake, kisha shamba, na mwishowe hutafutwa sababu ya kumwondoa kabisa.

Dalili za kuangalia ni za kawaida sana. Mama aliyekuwa haachi msiba hata mmoja ameacha kwenda msibani. Watoto wa majirani waliozoea kula kwake wamekatazwa. Mzee ameanza kulala kwa jirani bila kueleza sababu, au amekaza mlango wake kwa magogo kwa ndani. Nguo zake hazifuliwi ilhali anaishi na watu wenye nguvu, au dawa zake za presha zimekwisha tangu mwezi uliopita na hakuna aliyekwenda zahanati. Kijana wa nyumbani humjibia kila anapoulizwa jambo, na mzee hutazama chini.

Mambo mawili yanahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yanayoua. La kwanza ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka 50 kwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa kinyesi cha ng'ombe pale ambapo miti imekwisha, macho yake yatakuwa mekundu, yenye machozi na mazito. Huo ni moshi. Mtu yeyote anayesoma mwongozo huu na akapika jikoni humo kwa muda kama huo macho yake yatakuwa vivyo hivyo. La pili ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, unaowapata baadhi ya wazee. Mzee wa namna hiyo anaweza kutoka usiku, akasahau nguo, akapotea njia na kukutwa alfajiri uwanjani kwa mtu akizungumza peke yake. Kwa asiyeujua ugonjwa huu, ameona mchawi aliyeshindwa kurudi kwake kabla ya kupambazuka. Ukikuta jambo hili kijijini kwako, kazi yako ya haraka ni kumpeleka mzee kwa tabibu na kumwomba mtoa huduma ya afya aeleze ugonjwa huo mbele ya familia na mwenyekiti wa kitongoji, ili maelezo yatoke kwa mtu ambaye wanamwamini.

Hatua ya pili: zungumza na mzee mwenyewe, mkiwa peke yenu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Watu wema hukimbilia kuitisha kikao cha ukoo, wakamjadili mzee kama vile hayupo, kisha wakamwamulia. Mzee ana akili zake na ana haki ya kusema anachotaka, usimfanye mtoto.

Nenda wakati ambao wengine wako shambani. Msalimie kama inavyostahili, "Mwangaluka mayu," na ukae chini kwa utulivu. Mzee hamfungulii moyo mtu aliyesimama. Uliza juu ya jambo uliloliona, usiulize juu ya watu. "Bibi, siku hizi sikuoni kisimani. Kuna kinachokusumbua?" Akinyamaza, nyamaza naye. Huenda akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimekwisha kuzeeka, waache tu." Hilo si jibu la mwisho, na urudi siku nyingine. Huenda akasema, "Wanasema mtoto wa fulani amekufa kwa ajili yangu." Hapo usicheke, usimwambie kwamba ni maneno ya kipuuzi, wala usimuulize kama ni kweli. Muulize nani amesema, lini, mbele ya nani, na kama yuko mganga aliyetajwa.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie ukweli, kwamba ukiona maisha yake yamo hatarini itabidi uwaambie wanaoweza kumlinda, na umuulize ni nani kati yao anayemwamini na nani asiyemwamini. Jibu la swali hilo litakuonyesha njia ya kupitia, maana mara nyingine anayemtisha ni mtoto wake mwenyewe au ni ndugu wa kiongozi.

Hatua ya tatu: pima kama hatari ni ya leo

Yako mambo ambayo yakitokea hupaswi kusubiri hata asubuhi. Familia iliyofiwa imekwenda kupiga ramli na imerudi na jina. Mawe yamerushwa juu ya paa usiku. Imeokotwa karatasi ya vitisho. Wageni wameonekana wakiuliza mzee analala chumba gani, au mbwa wake amekutwa amekufa. Vijana wametangaza kikao cha kupiga kura ya siri ili mchawi atajwe. Mambo haya, hata likiwa moja, yanatosha kupiga simu polisi kwa namba 112 au kumwendea polisi kata siku hiyo hiyo, na kumwomba mzee asilale pale usiku huo.

Nasema kumwomba, kwa sababu wazee wengi hukataa kuondoka. Kaburi la mume wake liko pale, kuku wake wako pale, na anajua kwamba shamba lililoachwa lina wenyewe wapya haraka. Mweleze kwamba ni kwa siku chache, na umwambie ni nani atakayelinda nyumba na mifugo. Mpeleke kwa ndugu wa upande mwingine au kwa familia inayoheshimika ya msikitini au kanisani kwake, na watakaojua mahali alipo wawe wachache. Achukue kitambulisho cha taifa, kadi ya matibabu, hati au karatasi yoyote ya shamba, dawa, simu na fedha alizo nazo. Vitu hivi vikibaki nyumbani huwa havirudi.

Kama hatari si ya leo, unao muda wa kufuata hatua zinazofuata kwa mpangilio.

Hatua ya nne: andika

Tafuta daftari la kawaida la shule. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na majina ya waliosikia. Kama maneno yalisemwa kwa Kinyamwezi au Kisukuma, yaandike kwa lugha hiyo hiyo, usiyatafsiri. Kama kuna jeraha au mali iliyoharibiwa, piga picha kwa simu, lakini picha ya mwili wa mzee usiipige bila ridhaa yake na usiisambaze kwenye kundi lolote la WhatsApp. Daftari hili litakusaidia pale mtendaji atakapokuambia kwamba hizo ni porojo za kijiji, na litasaidia zaidi ikiwa shauri litafika mahakamani baada ya miezi mingi, wakati kila shahidi amesahau siku.

Hatua ya tano: ripoti mahali panapostahili, na usiishie mlango mmoja

Hapa kwetu ulinzi wa mzee haukai katika ofisi moja. Umegawanyika kati ya serikali ya kijiji, ustawi wa jamii, polisi, afya na mahakama, na kwa sababu hiyo ni rahisi kila mmoja kudhani kwamba mwenzake ameshughulikia. Kwa jambo lisilo la dharura anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, au mtaa kama uko ndani ya Manispaa ya Tabora, kisha mtendaji wa kata. Hapo hapo kwenye kata ulizia afisa ustawi wa jamii. Kama hayupo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Huyu ndiye mtu ambaye kazi yake hasa ni hii: kumtembelea mzee, kuzungumza na familia, kumuunganisha na matibabu na msaada wa kisheria, na kupendekeza makazi ikiwa hakuna njia nyingine. Mpelekee taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala, na uandike kwenye daftari siku uliyoifikisha na jina la aliyeipokea.

Kama kiongozi wa kijiji ni ndugu wa mtuhumiwa, au kama yeye mwenyewe ndiye anayetajwa, huna wajibu wa kuanzia kwake. Mruke.

Kwa kipigo, vitisho vya kuua, wizi au ukatili wa kingono, jambo ni la polisi tangu mwanzo, na halisuluhishwi kwa faini ya mbuzi. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Jina lake halitaji wazee, lakini ukatili wa majumbani ni kazi yake na askari wake wamefundishwa kusikiliza kwa faragha. Hakikisha taarifa imeandikwa kitabuni na unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo katika kitabu cha polisi, kwani bila namba hiyo utakaporudi wiki ijayo utaanza upya. Kama mzee ameumizwa, omba fomu ya polisi ya PF3 ili tabibu aandike majeraha. Jeraha likiwa kubwa, mgonjwa atangulie zahanati au hospitali huku mtu mwingine akifuatilia fomu. Kwa ukatili wa kingono, mzee asioge na nguo zake zisifuliwe, na afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kumkinga na VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72.

Hatua ya sita: tuhuma za uchawi zisigeuzwe kesi ya kijiji

Hapa naomba msomaji awe makini kuliko popote. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado inatumika, inafanya kumtaja mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kijiji kinapoitisha mkutano ili mzee "ajisafishe", wanaofanya kosa ni waliomtaja na waliouitisha.

Kosa ninaloliona likifanywa na watu wenye nia njema ni kumtafuta mganga mwingine ili amtangaze mzee kuwa hana hatia. Usifanye hivyo. Ukikubali kwamba mganga anaweza kumwondolea mzee tuhuma, umekubali pia kwamba mganga anaweza kumtia hatiani, na msiba ujao utaleta mganga mwenye jibu tofauti. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na wanapaswa kusajiliwa. Usajili huo ni wa kutibu, haumpi mtu yeyote ruhusa ya ramli chonganishi. Mganga anayetaja majina ya watu aripotiwe polisi na kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, naye awe wa kwanza kuripotiwa, kwa sababu yeye atahamia kijiji kingine na kuacha chuki nyuma yake.

Sungusungu nao wahusishwe kwa tahadhari. Jeshi hili la jadi liliibuka huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na limefanya mengi ambayo watu wanalishukuru. Kwa ulinzi wa usiku kuzunguka nyumba ya mzee hakuna walio karibu zaidi. Lakini hawana mamlaka ya kumhukumu mtu wala kumtenga, na mzee aliyetengwa, asiyepewa moto wala maji wala salamu, amekwisha kuanza kuuawa. Zungumza na viongozi wao mapema, ukiwa na mtendaji na polisi kata, wakubaliane mbele ya watu kwamba wao ni walinzi wa nyumba hiyo. Kiongozi akishalitamka hilo hadharani, ni vigumu kwa vijana wake kufanya kinyume.

Pia nendeni kwa familia iliyofiwa. Baba aliyezika watoto wawili katika masika moja anahitaji mtu wa kumweleza malaria kali ni nini na kwa nini mtoto alikufa ghafla. Mtoa huduma ya afya akikaa naye saa moja kwa heshima, huenda akamwokoa mzee kuliko kikao cha hadhara.

Hatua ya saba: tazama shamba

Uliza daima nani atafaidika mzee akiondoka. Chini ya tuhuma nyingi za uchawi kuna ekari za bondeni, kuna ng'ombe wa marehemu, au kuna mjane ambaye shemeji zake wanaona amekaa muda mrefu mno kwenye ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, na hilo lisemwe waziwazi kwenye kikao cha ukoo.

Kama shamba halijasajiliwa, msaidie mzee kuomba hati ya hakimiliki ya kimila katika serikali ya kijiji. Mwonye asiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mtu ambaye mzee mwenyewe amemchagua, hata kama imeletwa na mwanawe wa kumzaa na hata kama ameambiwa ni ya pembejeo. Mgogoro ukitokea, upelekwe kwanza katika baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu lazima wawe wanawake, kisha baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wataandika maombi hayo bila malipo. Mzee anayetaka kuandika wosia naye asaidiwe, na kama hajui kusoma na kuandika, mashahidi wawe wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo.

Hatua ya nane: linda fedha zake

Malipo ya mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, fedha za tumbaku na zile zinazotumwa na watoto walioko mjini sasa hupita kwenye simu, na anayejua namba ya siri ndiye mwenye fedha. Kama mzee haoni vizuri, ateuliwe mtu mmoja wa kumsaidia, na mtu wa pili amsomee ujumbe wa salio kila malipo yanapoingia. Ukisikia kwamba mzee hupewa nusu, peleka taarifa kwa kamati ya usimamizi ya jamii na kwa mtendaji. Watoto wanaotuma fedha kutoka Dar es Salaam nao wapigiwe simu, waulize mama amepokea nini hasa, na wamsikie kwa sauti yake mwenyewe.

Hatua ya tisa: endelea kuwepo

Wiki ya kwanza kila mtu hufika, mwezi wa tatu hakuna anayefika. Pangeni zamu na baraza la wazee la kijiji au na jumuiya ya kanisa au msikiti, ili pasipite siku mbili bila mtu kumjulia hali, na mmtembelee mkiwa wengi na mchana ili wote waone kwamba ana watu. Mjengeeni jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Ni kazi ya siku moja na udongo upo. Mpelekeni akapimwe macho katika hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete, na mfuatilie kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Makazi ya wazee ya Ipuli, hapo Tabora mjini, yapo kwa ajili ya asiye na ndugu wala mahali salama, na njia yake hupitia ustawi wa jamii. Lakini mzee mwenye shamba na wajukuu hapaswi kufukuzwa kwenda huko ili wengine warithi mapema.

Jiandaeni kwa siku mbili hasa. Siku ya msiba unaofuata kijijini, hata kama haumhusu kabisa, mtu mmoja akae na mzee tangu habari zinapofika hadi baada ya matanga, na mwingine akae msibani asikilize kinachosemwa. Na mvua za kwanza za Novemba zinapoanza kunyesha, wakati wanaonyatia shamba hutangulia alfajiri na majembe ya ng'ombe, mzee afike shambani akiwa pamoja na mjumbe wa baraza la ardhi na majirani wa mipaka yote minne, akiwa ameshika hati yake mkononi, na aanze yeye kulima.